Ndiyo ya Ami Mundhir

1

Siku ile "ndiyo" ya Ami Mundhir ilipowekwa juu ya meza ya Muzna binti Hilal, mwenye ndiyo yake alikuwa nyumbani amejilaza baada ya chakula cha mchana, feni ikimpuliza miguuni, wala hana habari kwamba ameshakubali jambo.

Muzna aliisoma kama alivyozoea kuzisoma zote, kidole kikiteremka haraka kutafuta mahali pa muhuri. Alikuwa mthibitishaji katika Diwani ya Ridhaa, ghorofa ya kumi na nne, na kwa siku moja zilimpitia ndiyo na hapana mia mbili za watu wa mji wa Qalhama. Ndiyo za kupasuliwa hospitali, ndiyo za kuhamishwa mtaa, hapana za kubadilishiwa kazi. Kidole kilifika kwenye jina kikakwama. Mundhir bin Saud bin Nassor, miaka themanini na tatu, mwenye sabla ya Mtaa wa Wadi. Amekubali kukitoa kiwanja chake, sabla ivunjwe, pajengwe mnara wa baridi. Uhakika: tisini na tisa nukta nne kwa mia.

"Ami yangu huyu," Muzna alisema kwa sauti, na chumbani hamkuwa na mtu wa kumsikia.

Qalhama ya miaka ile haikuwa na fomu wala foleni. Kila mkaazi alikuwa na Wakala wake, punje isiyozidi mbegu ya ufuta, imepachikwa nyuma ya sikio. Punje ile ilisikiliza. Ilijua moyo ulivyodunda ulipopewa habari njema, ilijua ulisita wapi sokoni na ulijuta nini kitandani. Serikali ikitaka jambo kwako haikuulizi wewe, inamuuliza Wakala. Naye anatengeneza wewe elfu kumi, wote wana tabia zako na ukaidi wako, anawauliza swali lile lile, kisha anahesabu majibu. Wakifika tisini na tisa kwa kila mia wanaosema ndiyo, basi umesema ndiyo. Huitwi, husumbuliwi. Aliyebaki ni binadamu mmoja wa kugonga muhuri, kwa sababu sheria bado ilikuwa na haya kidogo.

Na linaloudhi ni kwamba Wakala hakuwa mwongo. Muzna alikuwa na miaka ishirini na saba kazini, na hakuwahi kumkamata na kosa la maana.

Aliushika muhuri. Aliuweka chini. Aliushika tena, akauona mzito.

2

"Una shaka na Wakala?" aliuliza Bi Ghaniya.

Bi Ghaniya ndiye aliyekuwa mkuu wa Diwani, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Yeye na Muzna walianza kazi mwaka mmoja, wakasimamiana harusi zao, wakazikiana wazazi.

"Sina shaka," alisema Muzna. "Hilo ndilo linalonisumbua. Namjua Ami. Atasema ndiyo kabla sijafunga mdomo."

"Sasa mtu unamuulizia nini jibu ambalo unalo?"

Katika sheria ya Diwani kulikuwa na kifungu cha arobaini, ambacho wathibitishaji walikitaja kwa mzaha tu. Kinasema mthibitishaji akiingiwa na shaka anaweza kwenda kumuuliza mwenyewe, uso kwa uso, bila kumwambia Wakala amejibu nini. Jibu likitofautiana, la mtu ndilo linaloshika. Jibu likilingana, basi mthibitishaji alikuwa na shaka isiyo na mguu wala kichwa, na anavuliwa muhuri. Tangu kiandikwe walikitumia watatu. Wote sasa wako majumbani kwao wanapalilia mabustani.

"Na ukiuliza tu, shughuli inasimama siku sita," Bi Ghaniya aliendelea. "Sita, Muzna, katika mwezi huu. Mtaa wa Wadi umekaa bondeni, joto likiingia halitoki. Msimu uliopita tumezika watu kumi na tisa pale. Wa nne alikuwa mama yangu. Nilimkuta amekaa kitini, shela yake imelowa, mkononi ana bilauri ya maji ambayo hakuwahi kuinywa."

"Najua, dada yangu. Nilimwosha pamoja nawe."

"Basi gonga."

Muzna aliangalia nje. Kutoka ghorofa ile mji mzima ulionekana, minara ya baridi imesimama katika kila mtaa, myeupe, inavuta hewa ya juu na kuishusha chini imepoa. Bondeni tu ndiko kulikokuwa hakuna. Pale palikuwa na paa moja la udongo, pana na la chini, nalo alilijua tangu utotoni.

"Nipe mpaka kesho alasiri," alisema.

"Ya nini?"

"Nikanywe kahawa na ami yangu."

3

Mtu asiyejua sabla anaweza kuiita baraza, na hatakosea sana. Ni chumba kirefu cha kukaa watu, mikeka na mito pande zote, dele la kahawa katikati. Kila ukoo ulikuwa na yake zamani. Wanaume walikaa humo kupokea wageni, kusuluhisha ugomvi, na kusema uongo wa safari zao.

Ya Ami Mundhir ilikuwa na mambo yake. Wazee wake walirudi Qalhama kutoka Zinjibari, na walirudi na Kiswahili, mapishi ya nazi na tabia ya kubishana. Mundhir aliviongezea vitabu. Alisoma vya watu wa zamani wa Ulaya, vya Wachina, vya Wahindi na vya mashekhe wetu, vyote vinauliza swali moja: mtawala anaishia wapi, na mtu anaanzia wapi? Alivisoma bila adabu, akiandika pembeni kwa wino mwekundu, "Hapa umetia chumvi, bwana." Kisha akafungua mlango kila Jumatatu alasiri, akaruhusu aingie anayetaka, wasichana pia, jambo lililowakera majirani miaka mitatu mizima. Juu ya mlango alichonga maneno yaliyokuwa ndiyo sheria pekee ya mle ndani: HAPA HAKUNA ASEMEWAYE.

Muzna aliingia akiwa na miaka kumi na miwili. Ah, siku zile! Alikaa kati ya Bwana Pranlal mwuza dawa na Dadu Karim, fundi cherehani wa Kibaluchi, akasikia watu wazima wakigombania mambo kana kwamba yanaliwa. Je, mtu azuiwe kuuza tende zake kwa bei ya kijinga? Kitabu cha matusi kichomwe, au kijibiwe? Baba amchagulie binti mume kwa kuwa anajua zaidi? Ukitaka kusema jambo, kwanza utetee la mwenzako mpaka aridhike kwamba umelielewa. Na Ami Mundhir alipenda sana kushindwa. Ukimbana kwa hoja alijipiga paja akalia, "Nimekamatwa!" kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto.

Jambo moja Muzna hakupenda kulikumbuka, na siku ile lilimrudia lote. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake Hilal, mdogo wake Ami, alikaa foleni siku tatu kutafuta saini ya kibali cha matibabu, kutoka dirisha hili hadi lile, akaanguka mbele ya dirisha la mwisho. Mwaka huo serikali ikaleta wazo la Wakala, na Jumatatu moja sabla ikalijadili. Muzna alisimama na kuutetea mradi kwa macho makavu. Alisema, "Mmenifundisha kwamba uhuru ni mtu kuwa bwana wa nafsi yake. Baba yangu alikuwa bwana wa nini, pale dirishani? Mimi nataka uhuru wa kuachwa na makarani!" Watu walipiga makofi, wengine walilia. Mikono thelathini na moja ilikwenda juu upande wake, sita ikakataa, na mmoja katika ile thelathini na moja ulikuwa wa Ami Mundhir. "Nimekamatwa," alisema siku ile, lakini paja hakulipiga.

Miaka miwili baadaye nchi nzima ilisema ndiyo. Foleni zikaisha. Haki ya Mungu, zikaisha kweli, na hakuna aliyekufa tena dirishani. Jumatatu nazo zikaanza kupungua watu, maana nani atakwenda kubishania jambo ambalo ameshajibiwa?

4

Alimkuta Ami ameamka, amekaa sablani peke yake, kofia imekaa upande.

"Masalkheri, Ami." Alimbusu mkono.

"Masalkheri, mwanangu. Leo si Ijumaa. Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi umefukuzwa kazi."

"Bado," Muzna alijibu, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Joto la mle ndani lilikuwa la kukaba. Feni ilizungusha hewa ile ile. Mito ilikuwa imepauka, na pale alipokuwa akikaa Dadu Karim palikuwa na shimo dogo katika mkeka ambalo hakuna aliyelishona tangu mwenyewe atangulie mbele ya haki. Muzna alijua angelia akiendelea kutazama, kwa hiyo alichukua dele akaanza kumimina. Yeye ndiye mdogo, ilikuwa kazi yake.

Kahawa ya sabla ina taratibu zake. Finjani ni ndogo, nayo haijazwi, humiminwa kiasi cha kufunika chini. Mgeni anakunywa, anaielekeza tena kwako, unamimina. Anakunywa, unamimina. Hakuna kuulizana. Siku zote ni mpaka mwenyewe aitikise kidogo, hivi na hivi, kwa mkono wake. Hapo ndipo ametosheka. Anayemimina hana ruhusa ya kukisia. Lakini hayo ni ya zamani. Majumbani sasa kulikuwa na madele ya umeme yaliyozungumza na Wakala, nayo huacha yenyewe yakijua umeshiba. Nyumbani kwa Muzna lilikuwapo moja zuri sana.

Ami alikunywa ya kwanza akauliza habari za watoto. Ya pili akalaumu mashine ya kuadhini ya msikiti mpya. Ya tatu akanyamaza. Muzna, akili yake iko kwenye kile kifungu, aliweka dele chini, akanyoosha mkono akaichukua finjani kutoka vidoleni mwa mzee, akaiweka juu ya sinia.

Vidole vya Ami vilibaki hewani, bado vimeshika kitu ambacho hakipo.

"Nani kakwambia nimetosheka?"

"Ami, siku zote wewe unakunywa tatu."

"Siku zote. Na leo?"

Muzna aliona haya. Akalishika dele. "Nikutilie ya nne?"

"Siitaki," alisema mzee taratibu. "Nilikuwa naitikisa. Mkono ulishaanza kwenda. Lakini hukuningoja, Muzna."

Machozi yakamtoka pale pale, bila ya kuomba ruhusa. Alilia kama mtoto, shela usoni, kwa finjani moja ya kahawa. Ami hakuelewa, alidhani amemkaripia sana, akaanza kuomba radhi huku akimpapasa begani.

"Si wewe, Ami. Si wewe. Sikiliza. Nimekuja na swali la serikali, na nataka kukuuliza."

Kusema vile kulitosha. Swali lilikuwa limeshaulizwa kisheria, na siku sita zilikuwa zimeshaanza.

5

Alimweleza lote: mnara, kiwanja, sabla kuvunjwa. Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Na huyu wa sikioni kasemaje?"

"Siruhusiwi kukwambia."

"Basi kasema ndiyo. Angesema hapana, usingekuja na uso huo." Alijigusa nyuma ya sikio. "Hayawani huyu, ananijua. Na wewe kuuliza huku kunakugharimu nini?"

"Muhuri wangu, Ami. Ukisema alivyosema yeye."

"Ishirini na saba, umefanya kazi pale?"

"Ishirini na saba."

"Kwa jibu ulilokuwa nalo mkononi. Hasara tupu hiyo, binti Hilal."

"Hasara," Muzna alikubali.

Ami Mundhir alikaa sawa, akaiweka kofia vizuri. "Haya. Kama zamani. Wewe itetee sabla, mimi nitautetea mnara. Na usinionee huruma."

Muzna alijifuta uso. Alianza kwa sauti ndogo, na jinsi alivyokwenda sauti ikamrudia ile ya miaka kumi na tisa. Alisema mji una minara arobaini na sabla moja. Alisema mwili ukipozwa na mtu akabaki hana mahali pa kukataa, amepozwa kama nyama buchani. Alisema hapa ndipo alipofundishwa kwamba kosa la mtu ni mali yake, na kwamba anayekuzuia kukosea amekuzuia pia kupatia. Alimtaja Bwana Pranlal, aliyebadili dini yake mle ndani kisha akairudia mwaka uliofuata, na hakuna aliyemcheka. Alisema, "Ukiutoa mlango huu, Ami, hakutabaki hata ukuta mmoja Qalhama uliowahi kuambiwa hapana."

Mzee alikuwa amefumbua macho. Mkono wake uliinuka polepole, ukalipiga paja.

"Nimekamatwa," alisema, na alikuwa hafanyi mzaha.

Kwa kitambo kidogo Muzna aliona yote: hapana ya mzee, Wakala amekosea kwa mara ya kwanza, muhuri umebaki, sabla imebaki. Aliyataka yote yale kwa uchu uliomtia aibu, maana Bi Ghaniya alikuwa na mama yake kaburini.

"Sasa zamu yangu," alisema Ami. "Mimi sina maneno mengi. Katika wale kumi na tisa, majeneza saba nimeyabeba mimi, na mabega haya unayaona. Mama yake Ghaniya alikuwa akitupikia halua ya Jumatatu. Alikufa hatua mia kutoka hapa. Mimi nikiwa humu ndani, nasoma juu ya haki za binadamu. Hatukuichonga ile sentensi mlangoni ili kuta zikae. Tuliichonga ili watu wakae."

Feni ilizunguka. Muzna alishika kalamu akaiacha juu ya karatasi, na hakuisogeza. Alingoja. Ilikuwa ngoja ndefu kuliko zote alizopata kungoja maishani, naye mzee alikuwa akitazama dari, nguzo, mito, shimo la Dadu Karim, kimoja kimoja, kama mtu anayeaga wageni mlangoni.

"Uliponibana pale, dakika nzima nilikuwa nasema hapana," alisema mwisho. "Liandike hilo."

"Karatasi haina mahali pa kuliandikia."

"Basi likumbuke. Sasa andika ndiyo. Nimetoa. Nimetoa kwa mkono wangu. Wangekuja na tingatinga wakaniambia nimeshatoa, ningewaambia kheri, na ningekufa nadhani ni kheri. Ahsante, mwanangu."

Muzna aliandika. Ilikuwa ndiyo ile ile, herufi zile zile tano, na Wakala hakukosea hata nukta.

6

Siku sita zile zilikuwa za joto sana, na Muzna alizihesabu zote kwa hofu. Yeye na Ami waliwatoa wazee wa bondeni majumbani mwao asubuhi na kuwapeleka mtaa wa jirani kwenye mnara, wakawarudisha jua likipoa. Hakufa mtu. Angekufa hata mmoja, asingejua afanye nini na nafsi yake, na aliwaambia hivyo watu wote waliomuuliza.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba sabla inafunguliwa mara ya mwisho, na kwamba kuna mtu kaulizwa jambo. Walikuja wengi kuliko mikeka. Walikuja wakongwe na wajukuu wao, na wajukuu walikaa wakishangaa kuona watu wawili wakibishana na hakuna anayetazama saa.

Bi Ghaniya naye alikuja. Alikuja kuuchukua muhuri, ndivyo sheria ilivyotaka, akauweka ndani ya mkoba bila ya kumtazama rafiki yake. Kisha hakuondoka. Alikaa. Muzna akammiminia.

Alikunywa. Akaelekeza finjani, Muzna akamimina. Ya nne, ya tano. Kufikia ya saba Bi Ghaniya alikuwa amevimba macho, jasho linamtiririka, na bado finjani imeelekezwa mbele, kwa adabu, anangoja dele lijue lenyewe kwamba imetosha. Akapewa ya nane.

"Muzna," alinong'ona, "moyo unanipiga. Haliachi hili?"

"Haliachi, dada yangu. Itikise."

"Nini?"

"Finjani. Itikise wewe."

Bi Ghaniya aliitazama ile finjani muda. Halafu mkono wake, uliogonga ridhaa za mji mzima, ukaitikisa mara mbili, kwa woga, kama mtoto anayebisha hodi. Muzna akaweka dele kando. Bi Ghaniya akaanza kucheka, akacheka, halafu hakuwa anacheka tena, na Muzna akamshika.

Jua lilipoanza kugusa kizingiti watu walitoka mmoja mmoja, kila mtu akiyagusa maneno ya mlangoni. Ami Mundhir alikaa mpaka wa mwisho akatoka. Muzna alimketia mbele na dele, akammiminia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee alimaliza ya tatu, na punje nyuma ya sikio lake bila ya shaka ilijua kinachofuata, maana kilifuata hivyo miaka sitini.

Muzna hakuliweka dele chini. Aliutazama mkono wa ami yake akangoja.

Mkono haukutikisika. Finjani ilibaki imeelekezwa kwake.

Akamimina ya nne.